Mchai kama dawa ya asili: nini kinatoka kwenye jani, kipimo gani, na wapi watu wanaharibu

Jani_Bichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa mchai wenyewe, Camellia sinensis, si kila kitu kinachotiwa maji ya moto kikaitwa chai. Mchaichai ni nyasi. Rosela ni ua. Yale mafuta yanayoitwa "ya mti wa chai" yanatoka kwenye Melaleuca alternifolia, mti wa Australia usio na undugu wowote na mchai. Ni ya kupaka tu, ukiyanywa ni sumu. Naanza na hilo kwa sababu mijadala mingi ya chai na dawa huharibikia hapo. Mtu anasoma kwamba "mti wa chai" unaua fangasi, analoweka kucha kwenye maji ya majani ya chai miezi mitatu, halafu anasema dawa za asili ni uongo. Dawa haikukosea, mmea ndio haukuwa wenyewe.

Jambo la pili: chai nyeupe, ya kijani, oolong, nyeusi na pu-erh zote ni mmea mmoja. Kuna aina mbili kubwa, sinensis yenye jani dogo na inayovumilia baridi, na assamica yenye jani pana. Ukiuona mchai uliopandwa, jani lake linang'aa, kingo zina meno madogo kama ya msumeno, ua ni jeupe na katikati limejaa nyuzi za njano. Tofauti ya rangi kwenye kikombe inatokana na kilichofanyiwa jani baada ya kuchumwa. Jani likisokotwa au kusagwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinakutana na katekini (vile vitu vya jani vinavyokaza ulimi) na hewa, na zile katekini zinageuka kuwa vitu vyekundu na vya kahawia. Kazi hiyo imezoeleka kuitwa kuchachusha, ingawa chachu haimo kabisa; ni jambo lile lile la kiazi kilichomenywa kugeuka cheusi. Katika hizo tano, pu-erh tu ndiyo inayofanyiwa kazi na vijidudu kweli.

Kwa upande wa dawa, shikeni vitu vitatu:

Katekini na jamii yake (watu huziita tanini). Ndizo zinazokaza ulimi. Zinashikana na protini na kuibana, kwa hiyo matumizi yote ya "kukausha" na "kubana" yanatoka hapa: kuhara, fizi zinazotoka damu, jasho la miguu.

Kafeini, asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa jani kavu. Hii ni ya kuondoa usingizi, uchovu na maumivu ya kichwa, na ndiyo inayokojoza.

Theanini. Hii ndiyo inayofanya chai iamshe bila kumtetemesha mtu kama kahawa. Ilitambuliwa mwaka 1949 huko Japani kwenye chai ya kivulini, gyokuro. Mchai ukifunikwa wiki mbili tatu kabla ya kuchumwa, theanini inabaki nyingi. Ukiachwa juani inageuzwa kuwa katekini.

Kila tiba ya asili ya chai ni njia ya kutoa kimojawapo zaidi ya kingine. Ukiivisha vibaya unatoa kisichotakiwa. Karibuni, wenye ujuzi wa dozi waweke namba.

---

DawaNaDozi

Umeanza vizuri mkuu. Namba ni hizi.

Kijiko kidogo cha chai nyeusi ya kusagwa punje ni kama gramu 2.5. Kijiko hicho hicho cha chai ya kijani yenye majani mazima kinaweza kuwa gramu 1.5 tu, kwa sababu majani yamejikunja na yana hewa katikati. Pakiti moja ya kuchovya ni gramu 2 hivi. Kwa hiyo mapishi ya "kijiko kimoja" hayana maana mpaka ujue ni chai gani.

Kunywa kawaida: gramu 2 kwa mililita 200. Nyeusi, maji yanayochemka, dakika 3 hadi 5. Kijani, nyuzi 75 hadi 80, dakika 2 hadi 3. Huna kipimajoto? Chemsha, mimina kwenye kikombe kitupu, kisha kikombe cha pili, kisha ndiyo juu ya majani. Kila mmimino unashusha joto nyuzi tano hadi kumi.

Kafeini inatoka mapema. Dakika tatu za kwanza zimeshachukua sehemu kubwa. Tanini zinaendelea kutoka kadiri unavyoacha. Ndiyo maana chai iliyosahaulika kwenye birika haikuamshi mara mbili zaidi, ila inakausha koo mara mbili zaidi. Ukitaka kuamka, iondoe mapema. Ukitaka kubana, iache dakika 10 hadi 15.

Kuna wanaosema ukimwaga maji ya sekunde 30 za kwanza, kafeini yote imekwenda. Si kweli, inaondoka sehemu ndogo tu.

Na kitu cha mwisho: kwa matumizi ya dawa usitie maziwa. Protini ya maziwa inazikamata tanini kabla hazijafika unakotaka. Chai ya maziwa ni chakula kizuri, lakini usiisukutulie.

---

Kizinga

Kwa kuhara mnashauri vipi? Naona wengine wanasema chai kavu isiyo na sukari, wengine wanasema tia sukari nyingi.

---

DawaNaDozi

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili, kwa sababu watu hufa kwa kuyachanganya.

Kinachoua kwenye kuhara ni kupotea kwa maji na chumvi. Chai haina chumvi ya kutosha, hata uitie sukari kiasi gani. Sukari nyingi ndiyo mbaya zaidi, inavuta maji kuingia kwenye utumbo. Kinachorudisha maji ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji. Pakiti isipopatikana: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyofutwa juu, chumvi nusu kijiko kidogo. Usikisie chumvi kwa kubana na vidole, ikizidi inamdhuru mtoto.

Chai ni nyongeza kwa mtu mzima tu, mwenye kuhara kwa maji, kusiko na damu wala homa. Gramu 2 hadi 3 za chai nyeusi, mililita 200 za maji yanayochemka, funika dakika 10, chuja, kunywa vuguvugu bila maziwa. Vikombe viwili kwa siku, visizidi vitatu, kwa sababu kafeini nayo inausukuma utumbo na utajikuta unafunga mlango huku umefungua dirisha.

Mtoto mdogo, usimpe. Kukiwa na damu, homa kali, au siku mbili zimepita bila nafuu, hiyo si kazi ya chai tena.

---

Bi_Mkasi

Niongeze matumizi ya nje, huko ndiko mchai una uaminifu zaidi kuliko kwenye kunywa.

*Fizi na koo.* Gramu 4 (pakiti mbili) kwa mililita 250, funika dakika 10, acha ipoe hadi vuguvugu, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukutua sekunde 30, tema, mara 3 au 4 kwa siku. Tengeneza upya kila siku. Kasoro yake ni meno kupata rangi ya kahawia, kwa hiyo sukutua maji safi baadaye. Fizi ikiendelea kutoka damu baada ya wiki moja, kuna ugaga chini ya fizi, na ugaga hautoki kwa kusukutua.

*Jino lililong'olewa.* Kwanza ni pamba au shashi aliyokupa daktari. Damu ikirudi kuchirizika, chovya pakiti ya chai nyeusi kwenye maji yaliyochemka, ikamue, ipoe kabisa, iweke juu ya kidonda na uume kwa nguvu ya wastani dakika 20 hadi 30. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuitoa kila dakika tano kutazama kama damu imekata. Kila ukiitoa unang'oa donge lililoanza kuganda na unaanza upya. Kosa la pili ni kusukutua siku ile ile. Ikishindikana baada ya majaribio mawili, rudi kwa daktari wa meno. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijaribu hata mara ya pili, arudi mapema.

*Jasho la miguu.* Pakiti 2 (gramu 4 hadi 5) kwenye nusu lita ya maji, chemsha dakika 15 kamili, si kuloweka. Mimina kwenye beseni lenye lita 2 za maji ya baridi. Loweka miguu dakika 20 hadi 30, kila siku, siku 7 hadi 10. Tanini zinabana njia za jasho. Nyayo na kucha zitapata rangi, usishangae. Harufu ikiwa inatokana na fangasi katikati ya vidole (ngozi nyeupe, inayochubuka na kuwasha), haya maji hayaui fangasi. Tumia dawa ya fangasi na uvae soksi kavu.

*Macho.* Hapa niwe mkali. Kope zilizovimba kwa kukosa usingizi: pakiti mbili zilizotumika, zipoe kwenye friji, macho yamefumbwa, dakika 10. Baridi ndiyo inafanya kazi kubwa, kafeini inasaidia kidogo. Lakini kudondoshea chai ndani ya jicho, HAPANA. Maji yanakuwa yamepoa wazi, yana vumbi la majani, na jicho lenye usaha linahitaji dawa yake. Kila jicho na pakiti yake, ukitumia moja unahamisha ugonjwa.

---

MzeeWaBirika

Bi Mkasi umesahau kuungua moto. Hiyo ni tiba ya kale, na hata hospitali za Ulaya na Marekani zilitumia tanini kwa majeraha ya moto.

---

Bi_Mkasi

Sikusahau mzee wangu, niliiacha kwa makusudi. Ni kweli, mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit alieneza kupaka asidi ya taniki kwenye majeraha ya moto, na ikatumika sana miaka ile. Inatengeneza gamba gumu, maji ya mwili yanaacha kuvuja, jeraha linaonekana zuri. Miaka ya 1940 ikaachwa, kwa sababu ilipoingia mwilini kupitia jeraha pana iliharibu ini, na chini ya lile gamba usaha ulikuwa unajificha. Halafu tanini ile si hata ya mchai, inatoka kwenye vivimbe vya mialoni, kemia yake ni nyingine.

Kuungua: maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Majani ya chai yaliyobandikwa kwenye lengelenge lililopasuka yanaacha vipande ambavyo daktari atavitoa kimoja kimoja na koleo.

---

Jani_Bichi

Na kwa kuwa tumefika kwenye tiba zilizokufa: kuna ile ya mkate ulioungua, magnesia na chai nzito, "kiua sumu cha kila kitu". Ilifundishwa miaka mingi. Wazo lilikuwa mkaa unakamata sumu na tanini nazo zinakamata. Mkate ulioungua si mkaa uliotayarishwa kwa dawa, hauna vile vitundu, na tanini zinakwenda kujaza nafasi ya sumu kwenye mkaa. Mtu akinywa sumu, muda unaochemshia hiyo chai ndio muda anaouhitaji kufika hospitali.

---

Pafu_Moja

Pumu je? Nimesoma theofilini, ile dawa ya pumu, imegunduliwa kwenye majani ya chai. Basi chai ni dawa ya pumu.

---

DawaNaDozi

Nusu ya kwanza ni kweli. Albrecht Kossel aliitoa theofilini kwenye majani ya chai mwaka 1888. Ila alihitaji majani mengi mno, kwa sababu imo kwa chembe tu. Kidonge cha theofilini kinahesabiwa kwa mamia ya miligramu. Kikombe cha chai hakikupi hata sehemu ndogo ya hiyo. Kinacholegeza kifua kidogo baada ya chai nzito ni kafeini, ndugu yake, na nguvu yake ni ndogo. Mvuke wa moto nao unampa mtu hisia ya kufunguka. Anayebanwa na pumu atumie kipulizio chake. Kumpa chai na kusubiri ni hatari.

Kichwa kuuma ni hadithi nyingine, hapo mchai una haki yake. Katika dawa za Kichina kuna unga wa mitishamba wa maumivu ya kichwa ambao maelekezo yake, tangu enzi za utawala wa kifalme wa Song huko China, ni kuunywa kwa chai. Leo hii vidonge kadhaa vya maumivu vinachanganywa na kafeini, kwa kawaida miligramu 65 kwa kidonge, kwa sababu inaongeza nguvu ya dawa. Kikombe cha chai nyeusi kina kama 40 hadi 50. Basi kikombe kimoja na nusu, kilichoivishwa dakika 4, pamoja na paracetamol, ni jambo lenye mantiki.

Kuna mtego. Mnywaji wa vikombe vingi akiacha ghafla, kichwa kinaanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na kinaweza kuendelea siku kadhaa, hata wiki. Akinywa chai kinapona mara moja, anasema "mnaona, chai ni dawa". Kumbe imemtibu ugonjwa iliouleta yenyewe. Anayetaka kuacha apunguze kikombe kimoja kila siku mbili tatu.

---

ShambaDarasa

Kwa wenye mche uani au jirani na shamba, kutengeneza chai ya kijani ya dawa nyumbani si kazi ngumu, ila ina mahali pa kuharibika.

Kwanza uliza dawa ya wadudu. Kama imepulizwa, soma kibandiko, kuna idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Zile siku si mapambo.

Chuma chipukizi na majani mawili yanayolifuata, umande ukishakauka. Usichume majani mazee ya chini ukidhani yamekomaa ndiyo yana nguvu. Mchai unavuta floraidi na alumini kutoka udongo wenye asidi na kuvilundika kwenye majani mazee. Chai ya matofali (iliyoshindiliwa kama tofali) inayotengenezwa kwa majani ya aina hiyo imewaharibu watu meno na mifupa huko Tibet.

Kilo moja ya chai kavu inataka kama kilo 4.5 za majani mabichi, kwa hiyo nusu kilo itakupa gramu 110 hivi.

Tandaza kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, tabaka lisizidi unene wa kidole, mvuke dakika moja hadi moja na nusu. Lengo ni kukiua kile kimeng'enya. Toa, tandaza kwenye kitambaa, pepea mpaka ipoe haraka. Sokota kwa viganja dakika 10 mpaka utomvu uanze kunata mikononi. Kausha kwenye kikaango, moto mdogo kabisa, ukigeuza bila kuacha, au kwenye oveni nyuzi 80 hadi 90. Imeiva pale kikonyo kinapovunjika "tak". Kikijipinda bado kina maji, na ukikifungia kwenye kopo utakuta ukungu baada ya wiki.

Dalili za makosa: vikonyo vyekundu, mvuke ulikuwa mfupi. Harufu ya mboga iliyochemshwa sana, mvuke ulizidi. Uchachu, ulikausha polepole mno. Harufu ya moshi, kikaango kilikuwa cha moto mno. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, mbali na iliki na karafuu, kwa maana chai inanyonya harufu kama sifongo.

Ukitaka nyeusi, acha mvuke. Nyausha majani saa 12 hadi 18 mpaka kikonyo kipinde bila kukatika, sokota kwa nguvu, tandaza chini ya kitambaa chenye unyevu saa moja na nusu hadi tatu mpaka yapate rangi ya shaba na harufu ya tunda bivu, ndipo ukaushe.

---

Kizinga

Na mbegu? Kuna mtu anauza unga wa mbegu za chai wa kunywa kwa kikohozi.

---

ShambaDarasa

Usinywe. Mbegu zina saponini nyingi, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Mabaki ya mbegu baada ya kukamua mafuta hutumika kuua samaki wasiotakiwa kwenye mabwawa kabla ya kupanda wapya. Saponini zinawaharibu mashavu ya kupumulia na kupasua chembe za damu. Unga huo huo una povu na ni wa kuoshea nywele tangu zamani huko China, hapo hauna neno, ila usiuingize machoni. Mafuta yaliyokamuliwa ni kitu kingine, hayo yanalika.

---

MfamasiaMkimya

Nimesoma wote, nitaje wasiopaswa kufuata uzi huu bila kuuliza.

Wenye upungufu wa damu. Tanini zinashikana na madini ya chuma ya maharage, nafaka na mboga za majani, na ufyonzaji unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Maziwa hayaokoi. Suluhisho ni saa: chai iwe angalau saa moja baada ya kula, saa mbili ni bora, na vidonge vya chuma visimezwe kwa chai kamwe. Limau kwenye chakula linasaidia.

Wajawazito: kafeini yote ya siku isizidi miligramu 200, ukihesabu chai, kahawa, soda na kakao pamoja. Hivyo ni vikombe vitatu hadi vinne vya chai ya kawaida kama huna kingine, si sufuria.

Wanaotumia warfarini: kikombe cha kawaida kina vitamini K kidogo, lakini matcha (chai ya kijani iliyosagwa kuwa unga) unakula jani zima. Usibadilishe kiasi ghafla bila kupima damu. Nadololi ya shinikizo la damu: chai ya kijani inaipunguza sana kwenye damu. Lithiamu: ukiacha chai nyingi ghafla, kiwango cha dawa kinapanda. Bortezomibu ya saratani: katekini inaweza kuizuia kufanya kazi, achana na chai ya kijani na vidonge vyake mpaka uongee na daktari wako.

Vidonge vya kupunguza unene vya "dondoo la chai ya kijani" ndivyo vinavyoniudhi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba katekini aina ya EGCG ikifika miligramu 800 kwa siku kwa njia ya vidonge, dalili za ini kuumia zinaanza kuonekana kwenye vipimo. Mtu anakimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kiasi ambacho kikombe kingemgawia siku nzima. Upande mwingine, dondoo hilo hilo kama marhamu ya asilimia 15 liliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa chunjua za sehemu za siri. Mmea ule ule, njia tofauti.

Na joto. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, mwaka 2016. Kosa si la chai, ni la joto. Ikikulazimu kuivuta kwa sauti ili usiungue, bado haijafika.

---

MzeeWaBirika

Nimekuelewa mfamasia. Swali dogo: maji ya kusukutua yakibaki usiku, asubuhi yanafaa?

---

Bi_Mkasi

Yakifunikwa na kukaa kwenye friji, ndani ya saa 24, sawa. Yatakuwa na ukungu mweupe wa tanini zilizoshikana na kafeini kwa baridi, hiyo si uchafu, yapashe yatakuwa maangavu tena. Yakilala mezani, mwaga. Na pakiti iliyolala kwenye kisahani, usiiweke kwenye kidonda wala jichoni, hata kama inanukia vizuri.